Vidonge vya Damu, Dagaa na Chumvi ya Uvinza: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Lishe

Katika barua tulizopokea safari hii kutoka mikoa ya Tabora na Kigoma, wasomaji wengi wameuliza juu ya kirutubishi kimoja kimoja: huyu anataka kujua habari za chuma, yule kalsiamu, mwingine vitamini A. Nimechagua zile ambazo haziwezi kujibiwa bila kutaja kirutubishi cha pili na cha tatu, kwa kuwa mara nyingi kirutubishi, hata kikiwa kingi mwilini, hushindwa kufanya kazi pale mwenzake anapokosekana. Barua nimezifupisha, na majina ya walioziandika nimeyaacha.

Mimi ni mjamzito wa miezi mitano, mkazi wa Isevya, Tabora mjini. Kliniki nilipewa vidonge vya kuongeza damu, nami huvimeza kila asubuhi pamoja na chai ya rangi, kwa sababu vikikuta tumbo tupu nasikia kichefuchefu. Nilipopimwa tena, wekundu wa damu ulikuwa palepale. Mama mkwe ananiambia nivimeze kwa maziwa, jirani anasema nitumie maji ya ubuyu. Nimsikilize nani?

Kati ya hao wawili, jirani yako ndiye aliyekaribia, ingawa jambo la kwanza la kurekebisha ni hicho kikombe cha chai. Majani ya chai yana tanini, ambazo zikikutana na chuma tumboni hushikamana nacho, kikawa kitu kisichoyeyuka ambacho hupita utumboni na kutoka na choo. Chai inayonywewa pamoja na mlo wa nafaka au maharage inaweza kupunguza kwa zaidi ya nusu chuma ambacho mwili ungekipata katika mlo huo, na kidonge nacho hakisalimiki. Maziwa hayana tanini, lakini kalsiamu iliyomo huzuia chuma kisifyonzwe vizuri. Kwa hiyo yanywe kwa wakati wake, kwani mtoto uliyembeba anaihitaji kalsiamu hiyo kwa mifupa yake.

Meza kidonge kwa maji, ikiwezekana usiku kabla ya kulala, saa mbili hivi baada ya chakula. Kichefuchefu kikizidi, kimeze pamoja na chakula kidogo kisicho na chai, kahawa wala maziwa, kwa kuwa kidonge kilichofyonzwa kwa kiasi ni bora kuliko kilichotapikwa. Choo kitakuwa cheusi. Hilo ni la kawaida na lisikutishe.

Sasa kuhusu ubuyu. Chuma tunachokipata katika chakula ni cha aina mbili. Kilichomo katika nyama, maini na samaki kimefungwa ndani ya kiungo cha damu na misuli ya mnyama, na mwili wetu hukichukua hivyo hivyo bila taabu kubwa. Kilichomo katika mchicha, kunde, mtama na maharage huja katika umbo ambalo utumbo hauwezi kulipokea mpaka libadilishwe, na hapo ndipo vitamini C inapohitajika. Hukigeuza chuma hicho kiwe katika umbo linalopokelewa, kisha hukishikilia kiendelee kuyeyuka kinapotoka katika uchachu wa tumbo na kuingia utumbo mwembamba, mahali ambapo uchachu hupungua na chuma kisicho na mshikilizi huganda. Ndiyo maana kipande cha embe, pera, chungwa au bilauri ya maji ya ubuyu inafaa sana ikiwa pamoja na sahani ya maharage, na inafaa kidogo tu ikinywewa saa nne baadaye. Kwa kidonge chenyewe msaada huo ni mdogo zaidi, kwa sababu chuma chake kimekwisha kutengenezwa katika umbo jepesi kufyonzwa. Endelea na ubuyu, lakini uuweke kwenye chakula cha mchana.

Kufyonzwa pia si mwisho wa safari. Chuma kikishaingia, sehemu yake huhifadhiwa katika ini, na ili kitoke humo kiende kwenye uboho kutengeneza chembe nyekundu, vitamini A inahitajika. Mtu aliyepungukiwa na vitamini hiyo anaweza kuwa na upungufu wa damu huku ini lake likiwa na chuma, sawa na kaya inayolala njaa ilhali ghala lina mahindi na ufunguo umepotea. Madini ya shaba nayo yanahusika, kwa kuwa protini inayokiandaa chuma kipakiwe ndani ya damu na kusafirishwa imejengwa kwa shaba. Vitamini B6 husaidia kutengeneza ile sehemu ya wekundu wa damu inayokishika chuma. Asidi ya foliki na vitamini B12 ndizo zinazowezesha chembe changa za damu kugawanyika. Zikikosekana, chembe huwa kubwa, chache na dhaifu, hata kama chuma kipo. Vitamini B12, kwa taarifa tu, ina madini ndani yake: katikati ya umbile lake imo atomu moja ya kobalti, umbile ambalo lilifichuliwa na mwanakemia wa Uingereza, Dorothy Hodgkin, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1964. Mboga na nafaka hazina vitamini hiyo. Tunaipata kwenye samaki, nyama, mayai na maziwa, kwa hiyo dagaa kidogo kila siku si anasa kwa mjamzito.

Kidonge ulichopewa kliniki kwa kawaida huwa na chuma na asidi ya foliki kwa pamoja. Usinunue tembe nyingine za foliki za miligramu 5 kwa kudhani kwamba nyingi ni bora. Dawa ya SP, ambayo wajawazito hupewa kliniki kwa ajili ya kujikinga na malaria, hufanya kazi kwa kumnyima kimelea uwezo wa kujitengenezea foliki, na dozi kubwa kama hiyo huidhoofisha. Kiasi cha miligramu 0.4 kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani hakina shida hiyo.

Umebadilisha muda wa kumeza na wekundu wa damu bado haupandi? Basi usiongeze vidonge mwenyewe. Rudi kliniki uombe wapime malaria na minyoo ya safura. Malaria huvunja chembe nyekundu na pia huufanya mwili ukifungie chuma chake, na safura hunyonya damu utumboni, kwa hiyo kumeza chuma huku hayo yakiendelea ni kujaza ndoo inayovuja. Na ikiwa unakula udongo, jambo ambalo wajawazito wengi huona haya kulitaja, mweleze mhudumu bila kuficha, maana udongo wa mfinyanzi hushikamana na chuma tumboni kama zifanyavyo tanini, na unaweza kuwa na mayai ya minyoo.

Nina miaka 61, naishi Ujiji. Magoti na kiuno vinaniuma. Kijana anayepita na dawa za lishe ameniuzia kopo la vidonge vya kalsiamu na kuniambia dagaa hawatoshi. Nyumbani dagaa hawakosekani na mgebuka tunakula tukijaliwa. Je, ni kweli?

Shikamoo mzee wangu. Kuhusu maumivu ya magoti siwezi kusema lolote bila wewe kupimwa, kwani mengi hutokana na viungo vyenyewe kulika na hayaponi kwa kalsiamu. Kuhusu dagaa, naweza kukujibu kwa uhakika zaidi.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huliwa mzima, na ndiyo sababu ana thamani kubwa kwa mifupa: kalsiamu na fosforasi zimo katika mifupa yake, wala si katika nyama. Mgebuka ni samaki mzuri mwenye protini nyingi, lakini ukila mnofu na kuuacha mwiba, umeiacha kalsiamu karibu yote sahanini. Nimeona nyumba ambamo dagaa hukatwa vichwa na kutumbuliwa kwa sababu ya uchungu wake. Ninawaelewa, ila wajue kwamba katika samaki wadogo sehemu kubwa ya vitamini A hukaa katika macho na ini. Wakaange wakauke, au wachemshe na ndimu, uchungu utapungua bila kutupa kitu.

Hata hivyo, mtu anaweza kula dagaa kila siku na bado mifupa yake ikakosa kalsiamu, iwapo hana vitamini D. Utumbo usio na vitamini D ya kutosha hufyonza asilimia 10 hadi 15 tu ya kalsiamu iliyomo katika chakula. Ikiwapo ya kutosha, kiasi hupanda hadi asilimia 30 au 40. Sehemu kubwa ya vitamini hiyo hutengenezwa na ngozi yetu ikipigwa na jua, kisha hupelekwa kwenye ini na baadaye kwenye figo, ambako hubadilishwa kuwa katika hali inayotumika. Mabadiliko hayo yanahitaji magnesiamu, inayopatikana kwenye karanga, kunde, mboga za majani na nafaka isiyokobolewa. Kalsiamu ikishafika kwenye damu, vitamini K, ambayo imejaa katika matembele na kisamvu, huiamsha protini inayoishika mfupani.

Kwa hiyo kopo ulilouziwa, ikiwa ndani yake mna kalsiamu peke yake, ni nusu ya dawa, na kwa mtu aliyewahi kuugua mawe ya figo linaweza kuwa na madhara. Lipeleke kituo cha afya walisome kabla hujaendelea nalo. Mzee anayeshinda ndani ya nyumba, au anayejifunika mwili mzima kila atokapo, ana haja zaidi ya kukaa juani asubuhi mikono na miguu ikiwa wazi kuliko kununua kopo la pili.

Nyumbani kwetu Kasulu tunapikia mawese. Mama huyachemsha kwanza mpaka rangi nyekundu iishe ndipo akaangie, anasema hivyo ndivyo yanavyokuwa safi. Mwanangu wa miaka miwili hupewa matone ya vitamini A. Je, mawese bado yana faida kwake?

Rangi hiyo anayoiondoa mama ndiyo faida yenyewe. Wekundu wa mawese unatokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na mafuta yaliyochemshwa hadi kuwa meupe yamebaki kuwa mafuta tu. Mwambie mama kwa upole, pengine kwa kumtengea kijiko cha mawese mabichi yaliyochujwa vizuri ayatie kwenye uji au mboga ya mtoto ikiwa inakaribia kuiva. Moto wa kawaida wa kupikia hauiharibu karotini yote. Ule wa kuyafukiza mpaka moshi ujae jikoni ndio unaoimaliza.

Karotini iliyomo kwenye mawese ina bahati ambayo ile ya mchicha, karoti au viazi lishe haina, kwamba imekwishayeyuka ndani ya mafuta. Vitamini A, D, E na K zote husafiri na mafuta, na mboga iliyochemshwa kwa maji na chumvi pekee huacha sehemu kubwa ya karotini yake ipite bila kufyonzwa. Huko Tabora, ambako viazi lishe huanikwa kwa ajili ya kiangazi, karanga zilizotwangwa hufanya kazi hiyo hiyo.

Madini yanaingia wapi? Kimeng'enya kinachoipasua karotini kuwa vitamini A hufanya kazi kwa msaada wa chuma. Kisha ini huihifadhi vitamini hiyo, na ili iifikishe kwenye macho na ngozi, hutengeneza protini ya kuibeba, nayo haitengenezwi vizuri bila zinki. Mtoto mwenye upungufu wa zinki anaweza kuona giza jioni ilhali ini lake lina akiba ya vitamini A. Tumeona hapo juu kwamba vitamini A hukitoa chuma ghalani. Sasa tunaona kwamba chuma na zinki nazo huihudumia vitamini A. Mtoto anayekula ugali wa muhogo na mboga bila kitoweo hukosa vyote kwa pamoja, maana muhogo una nguvu nyingi na virutubishi vichache. Unga wa dagaa uliotiwa kwenye uji wake, pamoja na hicho kijiko cha mawese, utamfaa kuliko kuongezewa matone.

Matone usiyaache. Ni dozi kubwa inayokusudiwa kukaa mwilini miezi sita, hivyo asipewe mara ya ziada nje ya ratiba, kwa kuwa vitamini A iliyo tayari ikizidi hudhuru ini. Karotini ya mawese haina hatari hiyo. Ikizidi sana, viganja vya mtoto hugeuka rangi ya njano kwa muda, basi.

Sisi tunaishi Uvinza, chumvi inatoka hapa hapa. Wengine tunaitumia ile isiyotiwa madini joto kwa sababu ni rahisi. Mbona wazee wetu waliila hiyo hiyo?

Wazee waliila, na baadhi yao walikuwa na rovu shingoni. Chumvi ya Uvinza hutoka katika chemchemi za maji ya chumvi, na sifa yake imevuka mipaka ya nchi tangu zamani, lakini kuwa nzuri kwa chumvi hakumaanishi kuwa na madini joto ya kutosha. Hayo huongezwa kiwandani. Tezi ya shingo huyatumia kutengeneza homoni zinazoongoza ukuaji wa mwili na ubongo, na mjamzito aliyepungukiwa sana anaweza kuzaa mtoto mwenye ulemavu wa akili usiorekebishika. Kwa akiba ya fedha kidogo hiyo, sioni hoja ya kutetea.

Kwa Kigoma lipo jambo jingine. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na usipolowekwa na kukaushwa ipasavyo, mabaki yake hugeuzwa mwilini kuwa kitu kinachoshindana na madini joto kuingia kwenye tezi. Familia inayokula muhogo wa kila siku ulioandaliwa haraka haraka inahitaji madini joto zaidi kuliko inayokula mahindi. Loweka muhogo siku tatu au nne mpaka ulainike, umwage maji yake, kisha uanike hadi ukauke kabisa kabla ya kuusaga.

Madini joto pia hayafanyi kazi peke yake. Kimeng'enya kinachoyaunganisha katika homoni kinahitaji chuma, na vile vinavyoiamsha homoni hiyo ifanye kazi mwilini vimejengwa kwa seleni, madini ambayo samaki anayo kwa wingi. Mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu hawezi kunufaika na chumvi hiyo kikamilifu mpaka damu yake itibiwe. Ihifadhi katika chombo chenye mfuniko, mbali na unyevu na jua, na uitie mwishoni mwa mapishi.

Ninapika mlenda na maharage kwa magadi ili viive upesi na vilainike. Mke wa kaka yangu amenikataza. Mimi ni wa Nzega.

Wifi yako ana haki kwa sehemu kubwa. Magadi huiua vitamini C na vitamini B1, ambayo mwili huitumia pamoja na magnesiamu kuigeuza wanga ya ugali iwe nguvu, na katika hali hiyo ya magadi chuma cha maharage huwa kigumu zaidi kuyeyuka. Loweka maharage usiku kucha, umwage maji hayo, uyapike kwa maji mapya: yataiva mapema, kuni zitapungua, na sehemu ya fitati, vitu vinavyoshikilia chuma na zinki katika mbegu, itakuwa imeondoka. Mlenda ninajua wengi hawauelewi bila magadi. Weka kidogo sana, na ule kachumbari au tunda pembeni.

Baada ya kusoma kwamba zinki huongeza kinga, nimekuwa nikimeza miligramu 50 kila siku kwa muda mrefu. Siku hizi nachoka na kupungukiwa damu, ingawa nakula vizuri. Niko Sikonge.

Acha vidonge hivyo, kisha nenda kapime damu ukiwa na kopo lake mkononi. Kiwango cha juu kinachokubalika kwa mtu mzima ni miligramu 40 kwa siku, pamoja na ile ya chakula. Zinki ikizidi kwa muda mrefu huifanya kuta ya utumbo itengeneze protini inayoikamata shaba na kuizuia isiingie kwenye damu, na bila shaba chuma hakisafirishwi, kama nilivyomweleza yule mama wa Isevya. Ukitumia vidonge vya chuma kutibu upungufu wa namna hiyo hutaona mabadiliko, kwa hiyo mtaje mhudumu zinki kabla hajakuandikia dawa.

Isichanganywe na zinki ya watoto wanaoharisha. Hiyo hutolewa pamoja na maji ya ORS, miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto wa chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14. Dozi hiyo imaliziwe hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu, na ikiisha isiendelezwe.